Kitanzi Kilichokataa Kulala: kisa cha darasa la programu lililoanzia kwenye ngoma

"Mwalimu, imebuma."

Hilo ndilo neno la kwanza nililolisikia siku tulipoanza, na hadi leo naliona lina uzito kuliko yote yaliyosemwa muhula ule. Aliyelitamka ni kijana wa Kayole aliyeketi kwenye kompyuta ya dirishani, eafoni moja sikioni, nyingine ikining'inia kifuani. Alikuwa ameandika mistari mitatu ya msimbo, kila mmoja ukiiamuru kompyuta ilize noti moja. Alitarajia wimbo: noti, kisha noti, kisha noti. Akapata mlio mmoja mzito, zote tatu kwa mpigo, kama matatu tatu zinazomgombania abiria mmoja pale Ambassadeur.

Kompyuta haikumlaumu kwa lolote. Hakuna maandishi mekundu yaliyotokea, hakuna onyo. Lakini alijua imebuma, tena alijua kabla yangu. Nimefundisha wanaoanza kwa miaka kadhaa na sikuwa nimeliona hilo: mwanafunzi wa siku ya kwanza agundue mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba programu inaweza kukubalika na mashine na bado ikawa si ile aliyoikusudia.

Chuo chenyewe ni kimoja kati ya vile vya katikati ya jiji la Nairobi, ghorofa ya tatu, chini kukiwa na maduka ya simu na vipodozi, madirisha yakitazama barabara ya Tom Mboya. Wanafunzi walikuwa 24, mwaka wa kwanza wa diploma. Simu walikuwa nazo wote. Kompyuta nyumbani, wachache. Maabara ilikuwa na kompyuta 13 zinazowaka, siku ikiwa njema. Somo liliitwa misingi ya programu, na mtihani wa mwisho ulikuwa wa Python, lugha ya kuandikia programu, nao unaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi. Ndiyo, kwa kalamu. Nitafika hapo.

Muhula uliotangulia nilikuwa nimefundisha nilivyofundishwa mimi: kokotoa mshahara, toa kodi, tafuta wastani wa alama. Tulipofika kwenye vitanzi, ile sehemu ya msimbo inayorudiarudia, madawati yakaanza kubaki wazi. Vijana hawakukosa kunikumbusha kwamba kitanzi ndicho kinachomnyonga mtu. Kilichonikera ni kwamba wale wale walioshindwa kuona kwa nini mstari mmoja urudiwe mara nne, ukiwawekea wimbo waliousikia mara moja tu kwenye matatu ya Rongai, watakuonyesha kwa kidole besi inaingilia pigo gani, kiitikio kinarudi mara ngapi, na ni wapi ngoma inanyamaza ili mwimbaji apate nafasi. Kurudia, kusubiri zamu, kuingia, kutoka: walikuwa wanavijua. Hawakujua kwamba ndivyo nilivyokuwa nawafundisha.

Wazo la kuoanisha mashine na muziki ni la zamani kuliko kompyuta zenyewe. Mwaka 1843 Ada Lovelace, akiandika kuhusu mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage ambayo haikuwa hata imejengwa, alisema ingeweza kutunga muziki iwapo mahusiano ya sauti yangeelezwa kwa kanuni. Mwaka 1957 Max Mathews wa Bell Labs akaandika programu ya kuilizisha kompyuta. Mimi niliazima Sonic Pi, programu ya kupiga muziki kwa kuandika msimbo, iliyobuniwa na Sam Aaron katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2012 kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na ambayo hukubali Windows pia. Ni ya bure, na ukishaiweka haidai intaneti. Hilo la mwisho ndilo lililoniamulia.

Turudi kwa kijana wa Kayole. Dawa ya noti zake tatu ni amri inayoitwa sleep, yaani lala. Andika play 60, kisha sleep 1, kisha play 62, na kompyuta inaliza noti, inalala pigo moja, ndipo inaliza nyingine. Bila kulala, inaisoma mistari yote kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuitenganisha, na noti zinalia pamoja. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hivyo ilikuwa inasoma moja moja, ila mbio?" Swali hilo lilinifanya niitupe mihadhara miwili niliyokuwa nimeiandaa kuhusu mfuatano wa amri.

Wiki ya pili tukaingia kwenye vitanzi. Niliandika ubaoni:

live_loop :ngoma do
  sample :bd_haus
  sleep 1
end

Dum, dum, dum, bila kikomo, hadi ukizime. Dada mmoja wa kwaya, mwepesi wa vidole, alinakili akaruka mstari wa tatu. Sonic Pi ikagoma na kumwandikia kwa Kiingereza kwamba kitanzi chake hakikulala. Darasa zima likacheka. "Mwalimu, kitanzi kina usingizi!" Lakini kicheko kilipokwisha nikawauliza: kwa nini mashine ijali kitanzi kimelala au la? Walihangaika nalo. Mwishowe kijana aliyekuwa akipiga gita kwenye harusi akasema kwamba kitanzi kisicholala kitapiga ngoma mara nyingi zisizohesabika ndani ya muda usiokuwepo. Hajawahi kusikia maneno "kitanzi kisicho na mwisho" yakifafanuliwa darasani, na ufafanuzi wake ulikuwa bora kuliko wa kitabu nilichokuwa nacho mkononi.

Kuieleza fankisheni, yaani kipande cha msimbo unachokipa jina ili ukiite kila unapokihitaji, sikuazima neno la kigeni hata kidogo. Kila aliyepita sekondari za Kenya amechambua mashairi kwenye somo la Kiswahili, na anajua kibwagizo ni mshororo unaorudi mwishoni mwa kila ubeti. Mshairi anaweza kukiandika mara moja na kuweka alama tu kila kinaporudi. Nikawaambia waandike define :kibwagizo, waweke ndani yake noti zao, wabonyeze kitufe. Kimya. Vijana 24, kimya. "Imekataa." Haikukataa. Walikuwa wamekitunga kibwagizo, lakini hakuna aliyekiita. Ubeti haukuwa umekifikia. Baada ya hapo sikumwona hata mmoja aliyechanganya kuitunga fankisheni na kuiita, jambo ambalo muhula uliopita lilinila wiki nzima.

Na sasa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ambayo sikuipanga.

Tulikuwa na vitanzi viwili, cha ngoma na cha besi, vikienda pamoja, na swali likazuka: kompyuta inawezaje kuendesha viwili kwa wakati mmoja ilhali juzi tumesema inasoma mstari mmoja baada ya mwingine? Nilianza jibu refu. Mwanafunzi mmoja wa kutoka Siaya, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema: "Mwalimu, hiyo ni kama babu na nyatiti." Akaeleza. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huketi akizichezesha kwa vidole vya mikono yote miwili. Mguuni amevaa njuga, gara. Kwenye kidole gumba cha mguu ana pete ya chuma, oduong'o, anayoigongesha kwenye mwili wa ala. Juu ya yote hayo anaimba. Mtu mmoja, sauti nne, kila moja na mzunguko wake, na haziachani kwa sababu zote zinatii mwendo mmoja.

Tulitumia kipindi kilichobaki kujenga hilo: kitanzi cha nyuzi, kitanzi cha njuga, kitanzi cha pete. Wakauona ukweli mmoja muhimu, kwamba vitanzi vikilala muda usiogawanyika vizuri vinapishana kisha vinakutana tena baadaye. Kimoja kilikuwa kinachukua mapigo 3, kingine 4, na mtu wa gita akahesabu kwa mguu hadi 12, vikagongana. Hakuna aliyetaja kigawe kidogo cha shirika, lakini walikuwa wamekisikia. Mzee wa uhasibu wa chumba cha pili akachungulia mlangoni: "Bwana Mwalimu, hapa ni chuo ama disko?" Nikamwomba radhi. Alisimama dakika mbili zaidi ya alizohitaji ili kulalamika.

Laiti kisa kingeishia hapo ningekuandikia sifa tupu.

Wiki ya sita tulifanya mtihani wa katikati ya muhula, kwa Python, kwa kalamu. Swali la tatu lilikuwa hili:

x = 3
for i in range(1, 5):
    x = x + i
print(x)

Jibu ni 13: range(1, 5) inatoa 1, 2, 3 na 4, basi, na 3 ukiijumlisha na hizo unapata 13. Jibu lililorudi mara nyingi zaidi lilikuwa 18, maana walijumlisha na 5. Wengine waliandika 3. Wawili waliandika kwamba swali lina makosa, kwa sababu x haiwezi kuwa sawa na x ukiongeza kitu. Kwa hesabu waliyofundishwa sekondari wana haki kabisa. Na hawa ndio waliokuwa wamejenga nyatiti ya vitanzi vitatu.

Nilishinda na karatasi hizo wikendi nzima, na nadhani hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Katika muziki tulioandika, kila mstari ulikuwa na mlio. Ngoma inalia, besi inalia, hata ule mstari wa kulala unasikika kama pengo. Mwanafunzi akizoea hivyo anakuwa na sikio kali la kukagua kazi yake. Lakini programu nyingi duniani, ikiwemo ile ya swali la tatu, zinafanya kazi yao kimya: mstari unachukua thamani, unaibadilisha, unaiweka, na hakuna anayesikia chochote hadi mwisho. Nilikuwa nimewapa mkaguzi hodari anayefanya kazi kwenye vyumba vyenye sauti tu, kisha nikawapeleka kwenye chumba cha kimya na kuwafungia mlango. Juu ya hilo, Sonic Pi inatumia lugha ya Ruby, kwa hiyo hata umbo la vitanzi walilolizoea halikufanana na la Python. Hilo la pili ni kosa langu la kupanga. La kwanza ni la ndani zaidi.

Jumatatu nilirudi kwenye Sonic Pi na programu hii, nikaitia mtego kwa makusudi:

noti = 60
4.times do
  play noti
  sleep 1
  noti = noti + 2
end

Noti 60 ni do ya katikati ya kinanda. Wakasikia sauti ikipanda ngazi nne. Wanakwaya walilitambua mara moja. Kwao hiyo ni kupandisha sauti. Hakuna tena aliyesema kwamba noti haiwezi kuwa noti ukiongeza 2, maana walikuwa wameisikia ikiwa hivyo. Ndipo nikauliza: kitanzi kimekwisha, sasa hivi noti ina thamani gani? Darasa zima, kwa sauti moja: 66.

Ni 68. Zililia 60, 62, 64, 66. Kisha baada ya ile ya mwisho kulia, mstari wa kuongeza 2 ulifanya kazi yake mara moja zaidi, na thamani hiyo haikupata kulizwa. Walikataa. Nikawaambia waongeze play noti nje ya kitanzi. Ikalia, juu ya zote. Dada wa kwaya akashika kichwa: "Kumbe ilikuwa imejificha hapo." Kama kuna saa moja ya muhula ule ningeirudia kwa kila darasa nitakalopewa, ni hiyo, kwa sababu siku hiyo sikio lilidanganya, wakajua kwamba linaweza kudanganya, na wakajua namna ya kulihoji.

Lile la 18 badala ya 13 lilihitaji chombo kingine. Nikahamia EarSketch, iliyotengenezwa Georgia Tech kule Atlanta, inayofanya kazi ndani ya kivinjari na inayotumia Python yenyewe. Humo wimbo unapangwa kwa mafungu ya mapigo manne, yanayohesabiwa kuanzia 1. Amri fitMedia inachukua sauti, mstari wa kuipanga, fungu la kuanzia na la kuishia. Ukiandika kwamba ngoma ianze 1 iishie 5, inalia mafungu manne: 1, 2, 3, 4. Inasimama mlangoni pa 5 bila kuingia. Kwa hiyo besi inayofuata inatakiwa ianzie 5. Karibu kila mtu aliianzishia 6, na kukawa na pengo la fungu zima, kimya kirefu katikati ya wimbo, cha kuaibisha kama mshereheshaji aliyesahau jina la bwana harusi.

Kijana wa Kayole ndiye aliyepata maneno ya kulieleza, na yalikuwa maneno ya mtaani: "Hizi namba si safari, ni steji. Kutoka steji ya 1 hadi ya 5 umesafiri mara nne. Na mwenye anapanda baada yako, anapandia hiyo ya 5." Nikayaandika ubaoni bila kubadilisha hata herufi. Tuliporudi kwa range(1, 5) niliwaonyesha ubao tu.

Intaneti ya chuo, kama ilivyo desturi yake, ilituacha njiani mara tatu, na wengine wakawa wanafanya kazi usiku kwa bando zao za simu, jambo lisilo la haki kwa asiye na pesa ya bando. Kelele ilikuwa tatizo la kila siku; tuliishia kugawana eafoni, na kwenye kompyuta moja watu wawili, sikio moja kila mtu. Na kuna walioshinda saa nzima wakichagua sauti ya ngoma badala ya kuandika msimbo. Hao nimewahi kuwakemea, lakini sikuwalaumu sana, maana hata mimi huwa nachagua rangi za skrini.

Fankisheni inayorudisha thamani ilibaki kuwa mlima. Print na return, kwa anayeanza, ni pacha: zote mbili ukizijaribu unaona namba kwenye skrini. Niliwaambia print inatangaza, return inakabidhi. Wakaitikia kwa vichwa, ambayo kwa wanafunzi ni dalili ya kutoelewa. Mwenye gita akatuokoa. Nilimwomba alete gita lake na programu ya simu ya kupimia nyuzi. Tukaandika fankisheni ya kupata masafa ya noti yoyote, yaani mitetemo yake kwa sekunde: noti 69 ni "la" ya do-re-mi, Hz 440, na kila ukipanda hatua 12 masafa yanaongezeka maradufu. Yaani:

def masafa(noti):
    return 440 * 2 ** ((noti - 69) / 12)

Wakajaribu 69, ikatoa 440. Wakajaribu 81, ikatoa 880. Uzi wa tano wa gita, ukipigwa wazi, ni noti 45. Fankisheni ikasema 110. Mwenye gita akaupiga, simu ikaonyesha 110 na vidogo vidogo vikicheza nyuma ya nukta. Akaurekebisha kidogo, ikatulia. Programu iliyofanya kazi kimya kabisa ilikuwa imesema ukweli ambao sikio lingeweza kuukagua. Kisha nikawaambia waibadilishe return iwe print, waulize masafa ya noti 45 mara mbili kwa kuzidisha: masafa(45) * 2. Namba ikatokea, halafu hitilafu. Ilikuwa imetangaza 110 hewani na mkononi haikuwa na kitu cha kuzidisha. Vichwa havikuitikia safari hii, walilumbana, nikafurahi.

Mtihani wa mwisho ulipofika, swali la aina ya lile la tatu lilirudi, na wengi walilipata. Nisingependa mtu aseme ni muziki peke yake uliofanya hivyo: muhula huo niliwapa pia saa za ziada za Ijumaa, na darasa lililokuwa likipungua kila mwaka safari hii lilibaki karibu zima, kwa hiyo hata dhaifu walikuwepo kufundishwa. Lakini naweza kusema ni wapi ulifanya kazi. Ulifanya kazi kwenye mfuatano, vitanzi, kuita fankisheni na mambo yanayokwenda sambamba, kwa sababu hayo yote yanatokea ndani ya muda, na muda unasikika. Haukusaidia, na wiki chache ulipoteza, kwenye thamani zinazobadilika kimyakimya na kwenye masharti ya if, hadi tulipoyatafutia kitu cha kukagulia. Nikianza tena nitaanza na Python moja kwa moja, na swali la "sasa hivi thamani ni ngapi" nitaliuliza wiki ya kwanza, si ya saba.

Nimemwacha mmoja. Siku ya pili ya muhula kijana mtulivu wa benchi la nyuma alinisubiri mlangoni na kuniambia kwa adabu kwamba kwao, kwa sababu za dini, ala za muziki hazipigwi, na kwamba angeomba kazi nyingine. Nilikuwa sijajiandaa. Nikamuuliza anapenda nini, akasema mashairi. Alikuwa amehifadhi kasida nyingi. Nikampa kazi niliyoitunga papo hapo, zaidi ili nisimvunje moyo: andika programu inayohesabu mizani, yaani silabi, za mshororo. Tarbia ya kawaida, shairi la mishororo minne kwa ubeti, ina mizani 16 kwa mshororo, nane ukwapini, kipande cha kwanza, na nane utaoni, cha pili, naye alijua kukosea mizani kwa kusikiliza tu.

Toleo lake la kwanza lilihesabu irabu. "Mwalimu" ikatoa 3, sawasawa. "Mtoto" ikatoa 2. Akapiga makofi: m-to-to. Tatu. Kwa hiyo akaongeza sharti: ukikuta m na baada yake konsonanti, hesabu moja zaidi. Sasa "mwalimu" ikawa 4, kwa sababu w si irabu. Akaitoa w, akaitoa na y. "Mbuzi" ikawa 3. Akaitoa na b. "Msimbo" ikatoa 3, m ya kwanza ikihesabiwa na ya pili ikiachwa, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mambo ambayo wenzake walikuwa wakiyakimbia, masharti, fankisheni ndogo inayorudisha namba kwa fankisheni kubwa, kwake yalikuwa njia ya kufikia mizani 16. Alikuwa amefika wiki ya tano mahali ambapo darasa lenye ngoma lilifika ya tisa. Nilimwomba awaonyeshe wenzake.

Alisimama mbele, akaandika mishororo, programu ikahesabu, darasa likapiga makofi ya mizani kuthibitisha. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi mtu wa gita alipouliza kuhusu "mbuni".

Programu ikasema 2. "Mbuni yupi?" akauliza dada wa kwaya. Mbuni ndege, mbu-ni, mbili. Lakini mbuni wa kahawa, ule mti wa buni, ni m-bu-ni, tatu. Wakapiga makofi. Mbili. Tatu. Herufi zile zile tano. Nusu ya darasa wakasema programu ina kosa, nusu wakasema lugha ndiyo yenye kosa, na mwenyewe akasimama ubaoni na chaki mkononi akiwasikiliza, akiinong'ona kwa mdomo, mara mbili, mara tatu.

"Mwalimu, itajuaje ni ndege ama ni mti?"

Nikamjibu kwamba yenyewe haitajua, itabidi aiambie. Alikaa chini, akaongeza kigezo cha pili kwenye fankisheni yake, akakipa jina "maana". Kesho yake alikuja na karatasi ya maneno mengine ya namna hiyo aliyoyakusanya usiku. La kwanza lilikuwa "mbaya".